Kichwa Kije Mwisho

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo, maji ya bwawa la kuogelea la klabu ya wafanyakazi yalikuwa baridi, na juu yake yalielea majani ambayo mtunza klabu alikuwa hajayaopoa. Kocha, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na filimbi shingoni, alikuwa amezipanga ukingoni kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, kila moja na kafi lake. Watu wa kikosi cha magugu walisimama wakitetemeka ndani ya sketi zao. Sketi ni kile kitambaa cha mpira ambacho mtu hukivaa kiunoni, kisha akishakaa hukinasisha kwenye tundu la kayaki ili maji yasiingie. Wanaume walikuwa wametaniana kuhusu sketi hizo hadi utani ukawaishia, wakabaki na baridi.

"Hapa hakuna ujanja," Kocha aliwaambia. "Mtapinduka. Kila mtu hupinduka. Kazi yangu ni kuwafundisha kurudi juu bila kutoka ndani ya kayaki. Unainama mbele, unalaza kafi ubavuni, unafagia nalo juu ya maji, unakata kiuno. Kinachogeuza kayaki ni kiuno, si mikono. Na kichwa kije mwisho. Ukikimbilia kuinua kichwa ili uvute pumzi, kayaki inakurudia, na hiyo pumzi huipati. Tumeelewana?"

"Kukata kiuno tunajua," alisema Twiga, aliyeitwa hivyo kwa urefu wake. "Kila sherehe wanaotoka jasho ni sisi."

Aliyeitwa kwanza alikuwa Shemeji. Huyu alikuwa mjane wa mwenzao, na kwa kuwa mwenzao huyo wote walimwita kaka, mkewe wakamwita Shemeji tangu siku alipofika kazini na buti za marehemu, zimejazwa magazeti upande wa vidole. Alikaa kwenye kayaki, akanasisha sketi, akalishika kafi kwa mikono yote miwili.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Shemeji," Twiga alimwambia.

Kocha akaishika kayaki ubavuni, akaipindua.

Chini ya maji Shemeji alimkuta mumewe. Alikuwa amekaa ndani ya kayaki yake ya njano, amepinduka vilevile, magoti yake karibu yaguse ya mkewe. Kwa kuwa wote wawili walikuwa kichwa chini, kila mmoja alimwona mwenzake amekaa sawasawa. Kazini mume huyo alikuwa akiitwa Kasuku kwa sababu ya mdomo wake, na maji hayakuwa yameufunga.

"Kumbe ni wewe," alisema. Sauti yake ilifika vizuri, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Nani amekuleta huku? Na hiyo si helmeti yangu? Mama hajambo?"

Shemeji alifungua kinywa ajibu, akanywa maji, na Kocha akamrudisha juu.

"Mume wangu yuko huku chini," alisema alipomaliza kukohoa.

"Sawa," alijibu Kocha, "lakini kafi umeliachia. Hata ukutane na nani huko, kafi usiliachie."

Akafuata Twiga, akapinduliwa, akainuliwa. "Yupo," alisema, akijifuta uso. "Amekonda kidogo." Wengine nao wakashuka mmoja mmoja, wakamsalimia, wakarudi na salamu zake. Mmoja ambaye alikuwa amegombana naye kabla hajafa alikaa chini muda mrefu kuliko wenzake, na alipotoka alisema yameisha.

Kasuku alikuwa amekufa msimu wa mvua uliopita. Alizikwa vizuri, na kaburi lake halikuwa na tatizo lolote. Kikosi cha magugu kilifanya kazi chini ya ukuta wa kituo cha umeme, pale mtoni ambapo magugu maji hunasa kati ya mawe na kuziba mfereji. Boti ya injini haifai mahali pale, magugu huzonga pangaboi. Ndiyo maana walipewa kayaki na mapanga. Malango ya ukuta yakifunguliwa, maji huteremka hapo yote kwa mpigo. Kwa hiyo juu ya mnara paliwekwa king'ora, kilie kabla lango halijanyanyuka, watu wapate kujitoa kando na kupanda mawe.

Baadaye kampuni ya umeme ilijenga nyumba ya wageni ng'ambo ya mto, yenye kibaraza kinachotazama maji. Wageni walilalamika kwamba king'ora kinawashtua wakiwa kwenye kifungua kinywa, na king'ora kikazimwa. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akapona yeye.

Ripoti ya kifo cha Kasuku ilisema kwamba marehemu alipinduka na hakuwa na ujuzi wa kujiinua. Ndipo kampuni ikamwajiri Kocha, na kwenye ukuta wa klabu ikachora maneno kwa rangi nyekundu: USALAMA WAKO NI KIUNO CHAKO. Haikuwa kampuni ya roho mbaya. Ilikuwa na desturi yake, kwamba mtu akifia kazini, nafasi yake hupewa mtu wa nyumbani kwake hata kabla viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe. Kufa kufaana, walisema majirani, na hawakusema kwa ubaya. Nyumbani kwa Kasuku walikuwa wamebaki wanawake wawili, mama yake na mkewe, na mama yake alikuwa na miguu inayovimba. Shemeji akazivaa buti.

Jioni ile alimkuta mama mkwe amekaa jikoni anachambua maharage kwenye sinia.

"Mama, nimemwona."

"Wapi?"

"Bwawa la klabu. Chini."

Mama mkwe alitupa kokoto moja nje ya dirisha. "Amevaa sweta?"

"Amevaa lile jaketi la kazini."

"Lile halina joto. Kifua chake hakipendi baridi tangu utotoni." Aliendelea kuchambua. "Mwambie arudi."

"Mama, hawezi kurudi hivihivi tu."

"Basi kamuulize anakwama wapi. Mtu hakai kwenye maji kwa kupenda."

Kesho yake Shemeji alimuuliza. Pumzi ya mtu ni fupi, kwa hiyo mazungumzo yao yalikwenda vipandevipande. Maneno machache, juu, pumzi, chini tena. Kocha aliona mwanafunzi wake anaomba kupinduliwa kuliko wote, akamsifu kwa bidii.

"Wanasema hukujua kujiinua," Shemeji alianza, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa likimchoma zaidi.

Kasuku akacheka, na mapovu yakakimbilia magotini. "Mimi? Mimi najiinua kama sina mifupa. Nimejiinua mpaka nimechoka. Shida ni kwamba nikifika juu, ni asubuhi ileile. Niko chini ya ukuta, jua zuri, nakata magugu zangu, nimeshasahau kila kitu. Halafu lango linanyanyuka."

Shemeji alipanda, akavuta pumzi, akashuka.

"Basi nakwambia sasa. Ukifika juu, kaa kando. Panda mawe."

"Mama we, hata ungeniandikia kwenye paji la uso. Nikifika juu nasahau, nikipinduka ndiyo nakumbuka. Lakini sauti zinapita. Filimbi ya huyo Kocha wenu naisikia kule, nadhani ni askari wa getini anasimamisha magari. Kikilia king'ora, hapo hapahitaji kukumbuka. Mwili wenyewe unajua. Unajikuta uko juu ya jiwe."

Akapanda tena, akashuka tena.

"Kikilia mara moja tu, kinatosha?"

"Mara moja tu. Bora kitangulie lango."

Kuanzia siku hiyo Shemeji hakutaka kitu kingine duniani. King'ora kilie mara moja, kabla ya lango, na mumewe atoke kwenye maji.

Ofisi ya Afisa Usalama ilikuwa na feni iliyogeuka upande mmoja tu, na juu ya kabati palikuwa na helmeti mpya ambayo bado ilikuwa ndani ya nailoni yake. Afisa alimkaribisha Shemeji kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kila palipostahili.

"Na huko chini amevaa helmeti?" aliuliza.

"Amevaa."

"Vizuri. Wengi wakishapata ajali huacha kuzingatia." Akafikiri kidogo. "Mama, mimi siwezi kupeleka kwa Meneja jambo ambalo sijaliona kwa macho yangu. Nitakuja."

Akaja kweli. Alivua viatu, akamkabidhi Twiga miwani yake, akasahau kuvua tai. Kocha akampindua. Alikaa chini kidogo, akainuliwa, tai imemzunguka sikioni, akaomba apinduliwe mara ya pili kwa sababu kulikuwa na swali alilolisahau. Alipomaliza alikaa ukingoni, maji yakimchuruzika kwenye suruali.

"Ni yeye," alisema. "Na maelezo yake yanaeleweka. Ila kuna ugumu. Akishatoka atafanya kazi gani? Nafasi yake unayo wewe. Nafasi moja haiwezi kukaliwa na watu wawili."

"Mimi nitaacha."

"Huwezi kuacha, mama. Hujathibitishwa. Anayeacha kazi ni yule aliyethibitishwa, na hathibitishwi mtu ambaye hajaweza kujiinua. Jifunze kwanza, tukuthibitishe, ndipo uache."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shemeji aliona jambo hilo lina utaratibu wake, akajifunza. Kosa lake lilikuwa la wote: kiuno kilipoanza tu kugeuka, kichwa kilitaka kutangulia, kwa kuwa pua iko kichwani na hewa iko juu. Kocha alimbania sponji kati ya sikio na bega, akamwambia isidondoke mpaka kayaki iwe imesimama. Sponji ilidondoka. Ilidondoka tena na tena, ikaelea bwawani, na kila mara Twiga aliiokota akamrudishia kwa heshima kubwa. Chini, Kasuku naye alimfundisha kwa upande wake. "Usiniangalie mimi," alimwambia. "Angalia kafi lako. Mimi sikimbii."

Siku aliyojiinua mwenyewe na sponji ikabaki begani, wenzake walimpigia makofi, na aliyeshuka baada yake alisema Kasuku pia anapiga. Shemeji alithibitishwa. Palepale akaomba kuacha kazi, na Afisa akaridhia kwamba kuacha huko kuanze siku ambayo marehemu atatoka majini. Meneja naye akakubali king'ora kifanyiwe jaribio, kwa sharti moja, kwamba wageni wawe wamemaliza kula.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mama mkwe alipiga pasi suruali, shati na sweta, akavitandaza kitandani upande aliokuwa akilala mwanawe. Asubuhi alisema miguu haimuumi. Walikwenda pamoja hadi klabu, wakitembea polepole, na Kocha akamtolea kiti cha plastiki akakiweka ukingoni mwa bwawa. Mama mkwe akakaa, taulo kubwa mapajani. Kikosi kizima kilikuwepo, maana siku hiyo hakuna aliyepangwa mtoni.

Mpango ulikuwa rahisi. Meneja atakaa kibarazani na wageni. Mgeni wa mwisho akishaweka kikombe chini, Meneja atapunga mkono, mnarani watapiga king'ora, kisha fundi wa malango atanyanyua lango kwa saa yake ya kila siku, kwa kuwa mji unahitaji umeme na mashine hazisubiri mtu. Shemeji atakuwa chini na mumewe, amwambie apande kabla king'ora hakijalia.

Akapinduka.

"Leo?" aliuliza Kasuku.

"Leo. Nenda."

"Nikitoka, wewe utakuwa umesimama wapi?"

"Pembeni. Mama yuko na taulo."

"Mama amekuja?" Uso wake ulifurahi hadi Shemeji akasikia uchungu. "Na miguu yake hiyo?"

"Nenda, baba. Pumzi inaniishia."

Kasuku akainama mbele, akalaza kafi, akafagia, akakata kiuno, na kichwa kikaja mwisho, safi, kama Kocha mwenyewe. Shemeji akabaki anaangalia tumbo la kayaki ya njano, ikielea kwenye jua la asubuhi nyingine, na vipande vya magugu vikidondoka pembeni yake. Mumewe alikuwa anafanya kazi. Shemeji alitakiwa apande sasa, lakini hakupanda. Kocha, ambaye alikuwa ameshika kayaki yake kwa juu, alihisi anataka kubaki, akamwachia.

Kule kibarazani mgeni wa mwisho alikuwa ameomba kikombe cha pili cha chai. Alikuwa mgeni mpole, alishukuru alipoletewa, akakipuliza kipoe. Meneja akaushusha mkono aliokuwa ameanza kuuinua. Fundi wa malango akatazama saa yake, akaona imefika, akabonyeza.

Shemeji aliona maji yakitetemeka. Akasubiri sauti, sauti haikuja. Kayaki ya njano iligongwa ubavuni, ikapinduka, na Kasuku akashuka katikati ya povu na magugu, macho wazi, ameshakumbuka yote. Akamwona mkewe. Hakupoteza muda. Akainama, akalaza kafi, akaanza kufagia, na mkondo ulikuwa unamsukuma kuelekea mawe. Huenda safari hii angeyafikia. Kiuno kilikuwa kimeshaanza kugeuka.

Ndipo king'ora kikalia.

Kasuku akainua kichwa asikilize. Ni king'ora alichokuwa akikingoja tangu afe, na mtu akisikia anachokingoja hugeuka kutazama. Kayaki ikamrudia. Akajaribu tena kwa haraka, kichwa mbele, akatapatapa kama mfa maji yeyote ambaye hajawahi kufundishwa, na maji ya lango yakamchukua yakampitisha mbele ya mkewe.

Shemeji alipojiinua, king'ora kilikuwa bado kinalia. Kilikuwa na sauti nzuri, nzito, ya kusikika mbali. Mama mkwe alikuwa amesimama, taulo amelikunjua kwa mikono miwili.

"Kinalia," alisema mama mkwe. "Nakisikia."

"Lango limetangulia, mama."

Mama mkwe aliendelea kusimama na taulo lake mpaka sauti ikaisha. Kisha akalikunja, pembe kwa pembe, akakaa.

Shemeji alikwenda ofisini akiwa na maji mwilini. Afisa Usalama alikuwa ameshaandika kwamba jaribio limefanikiwa, king'ora ni kizima na kinasikika hadi barabara kuu.

"Lango lilitangulia," alisema Shemeji.

"Jaribio lilikuwa la king'ora, mama. Lango halikuwemo kwenye jaribio."

Shemeji akamtukana, tusi la nguoni, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Afisa akamwambia anauelewa uchungu wake, akamsogezea boksi la tishu. Kuacha kazi kwake kukawa kumekufa, kwa kuwa marehemu hakutoka. Kesho yake mgeni aliyeomba chai alilalamika kwa maandishi ya upole kuhusu kelele, na mnarani wakakifunga king'ora kwa turubai hadi jaribio la mwaka unaofuata.

Nguo zilikaa kitandani juma zima. Shemeji alilala ukingoni, asizikunje. Kisha mama mkwe akazirudisha kabatini mwenyewe, na tangu hapo hakuuliza tena habari za sweta.

Kasuku hakukata tamaa, na hilo ndilo lililomshinda mkewe. "Umekisikia?" alimuuliza siku ya pili, na siku ya tatu, na kila siku. "Kumbe kizima! Mimi nilidhani kimekufa. Walichelewa kidogo tu. Leo watapiga tena?"

"Labda leo," alijibu Shemeji.

"Waambie watangulize kidogo tu. Ni suala la kikombe cha chai."

"Nitawaambia."

Aliwaambia, kwa mdomo na kupitia Kocha na kupitia kikosi kizima, na kila aliyeambiwa alikubali kwamba ni jambo la maana. Turubai lilibaki pale juu. Na Kasuku akaendelea kumngoja chini ya kila maji aliyopindukia, bwawani na mtoni, akiwa amejitengeneza vizuri kwenye kayaki yake, na lile swali lake. Kuna siku Shemeji alimchukia. Alimchukia kwa kutumaini, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia, na kazi ilikuwa ileile, na haikupita siku bila mtu kupinduka.

Basi akaanza kufumba macho. Akihisi kayaki inakwenda, alifumba, akainama, akafagia, akakata kiuno, akawa juu kabla hajasikia neno. Pale ambapo wenzake walichukua muda wa kusalimiana, yeye alikwenda na kurudi kabla nywele hazijalowa vizuri. Kocha alisema hajawahi kuona kasi kama hiyo, na hakuuliza ilikotoka. Kampuni ilimpiga picha akiwa na kafi begani, ikaichapisha kwa ukubwa, ikaibandika ukutani juu ya yale maneno mekundu. Mama mkwe alipopelekewa nakala aliitazama, akasema amekonda.

Mvua ziliporudi, mto ulileta magugu mengi. Asubuhi moja lango lilinyanyuka kimya na Twiga akafa. Shemeji alikuwa karibu naye kuliko wengine. Maji yaliwapindua wote wawili, yeye akajiinua, akageuka, akaona kafi la Twiga peke yake likienda na maji. Akapanda mawe, akalia palepale kwa sauti, mpaka wakamshika mkono. Ripoti ilisema marehemu alikuwa mrefu kupita kiasi kwa kayaki aliyopewa, na ikashauri kwamba siku zijazo watu wapimwe.

Nafasi ikaenda kwa mdogo wake, kijana mzima mwenye mke, fundi wa baiskeli, mrefu vilevile. Walimpima, wakamwajiri. Kocha wakati huo alikuwa na wanafunzi wengi, kwa hiyo asubuhi ya kwanza kijana huyo alipofika bwawani aliwekwa mikononi mwa Shemeji. Shemeji alimwonyesha namna ya kukaa, akamnasishia sketi, akasimama ndani ya maji hadi kifuani akaishika kayaki yake ubavuni.

"Utakutana na watu huko," alimwambia. "Wasalimie, lakini usikae sana."

Akampindua. Akahesabu kimoyomoyo, akamrudisha juu. Yule mdogo wake Twiga alikohoa, akapangusa macho, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

"Kaka yupo," alisema. "Yuko na mwenzake mmoja, mwenye kayaki ya njano. Wanabishana nani anajua kujiinua zaidi."

"Hao ndio wenyewe."

"Kaka anasema nisiwe na wasiwasi, watu wako karibu kupiga king'ora. Eti huyo mwenzake amemhakikishia."

Shemeji alimweka kafi sawa mikononi.

"Na huyo mwenzake amenipa swali nikuletee, dada. Anasema amekuuliza mwenyewe, humsikii."

"Swali gani?"

"Anauliza mbona siku hizi ukishuka unafumba macho."

Shemeji aliishika sketi ya yule kijana, akaivuta mbele, akaivuta nyuma, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wote, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Mwambie maji ya siku hizi yana dawa kali," alisema. "Yananiwasha."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Yule kijana akavuta pumzi, akainama mbele, akashuka kumpelekea jibu.